Ekstensheni imeunguza vitambaa vya wateja, na duka linasema mali ikishauzwa hairudishwi

Fundi mmoja wa nguo wa Kisauni, Mombasa, ameniandikia barua ambayo nimeifupisha kidogo:

"Bwana mhandisi, salaam. Nilinunua ekstensheni ya matundu manne mjini kwa shilingi 1,200. Nilimwambia muuzaji nataka ya kutilia pasi na cherehani ya mota, akanitolea hiyo. Kwenye boksi imeandikwa 13A na ina alama ya CE. Pasi yangu ni ya wati 1,200 na cherehani ni ya wati 250. Wiki ya tatu, nikiwa napiga pasi, ikatoa moshi na kuyeyuka, ikaunguza meza na vitambaa vya wateja watatu, vingine vya harusi. Niliporudi dukani niliambiwa nimezidisha mzigo, kisha nikaonyeshwa kibao ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Risiti sikupewa, nililipa kwa M-Pesa. Je, nina haki yoyote? Vitambaa vya watu atalipa nani? Na hawa KEBS, watu wa viwango, wana kazi gani ikiwa vitu kama hivi vinauzwa peupe?"

Pole sana, dada yangu. Umeponea chupuchupu. Chumba cha fundi wa nguo kimejaa vitu vya kushika moto, na kama ekstensheni hiyo ingeanza kuyeyuka usiku ukiwa umelala, tusingekuwa tunaandikiana habari za vitambaa.

Haki unayo, na kile kibao hakina uwezo wa kukuondolea. Lakini kuna kitu hukukitaja, nacho ndicho kitakachoamua mambo: ekstensheni yenyewe iliyoungua iko wapi? Kama bado unayo, usilale leo kabla hujaitia kwenye boksi na kulifunga. Usiikate. Usimpe fundi wa stima aifungue akueleze ilikuwaje. Zaidi ya yote, usimwachie mwenye duka eti aipeleke kwa aliyemuuzia. Nimeona madai mazuri yakifia hapo hapo: mtu anakwenda na kitu chake kilichoungua, anaambiwa akiache atapigiwa simu, simu haiji, na akirudi hakuna anayekumbuka kuona kitu chochote. Ipige picha ikiwa nzima, kisha kwa karibu kwenye plagi, kwenye kila tundu, na pale ilipoyeyuka. Piga picha ya meza, ya vitambaa, na ya vile vibati vya pasi na cherehani vilivyoandikwa volti na wati. Boksi lake, kama hukulitupa, lihifadhi vizuri, maana hapo ndipo ulipoahidiwa ampea 13 kwa maandishi.

Kukosa risiti kusikuvunje moyo. Ujumbe wa M-Pesa una jina la biashara, kiasi, tarehe, saa na namba ya muamala, na hata ukiufuta unaweza kuomba taarifa ya akaunti yako. Kasoro yake ni moja tu: hausemi ulinunua nini. Kwa hiyo mtafute mtu aliyekuwa nawe siku hiyo au aliyeiona ekstensheni ikiwa mpya kwako, na leo hii uandike kwa mkono wako ulimkuta nani dukani, ulimwambia nini, alikujibu nini, na mlisemezana nini uliporudi. Maneno uliyoyaandika wiki ya tukio yataaminiwa kuliko utakayoyakumbuka baada ya miezi sita.

Sasa tuje kwenye kibao. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ipo Kenya tangu 1931, na ilifuata sheria ya Uingereza ya 1893. Kwa asili haikuwa sheria ya kumbembeleza mnunuzi. Ilimtaka afungue macho kabla ya kufungua mkoba. Hata hivyo kifungu chake cha 16 kinamfunga muuzaji kwa mambo mawili, hata kama hakuyatamka. Jambo la kwanza ni kazi uliyoinunulia bidhaa. Ukimweleza muuzaji unataka kitu cha kufanyia nini, ikawa umetegemea ujuzi wake, na ni kitu ambacho yeye hukiuza kila siku, basi lazima kiifae kazi hiyo. Wewe ulisema wazi: pasi na cherehani. Maneno yako hayo machache mbele ya kaunta yana nguvu kuliko kibao chake chote, na ndiyo maana nakuomba uyaandike kama ulivyoyasema. Jambo la pili ni ubora: kitu kinachouzwa kwa maelezo yake na mfanyabiashara wa vitu hivyo lazima kiwe cha kustahili kuuzwa. Ni kweli kwamba ukikikagua kabla ya kununua, huwezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ungekuonyesha. Lakini waya uliofunikwa kwa plastiki haukaguliki kwa macho pale kaunta.

Hiyo sheria ya zamani iliacha mwanya. Iliruhusu muuzaji na mnunuzi kukubaliana kuyaondoa masharti hayo, na vibao vya "hairudishwi" vimeishi kwa kujibanza ndani ya mwanya huo. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 ikabadilisha hali: mtumiaji ana haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, kupewa habari za kutosha ili afaidike nazo, kulindwa afya yake, usalama wake na maslahi yake ya kiuchumi, na kulipwa fidia kwa hasara au madhara yanayotokana na kasoro ya bidhaa. Baada yake ikaja Sheria ya Kulinda Watumiaji, Na. 46 ya 2012, iliyoanza kutumika Machi 2013, ikaufunga mwanya. Inasema muuzaji anahesabiwa kuwa ameahidi ubora, na maneno yoyote katika mkataba yanayojaribu kuziondoa ahadi za sheria ni batili. Na usiogope ukiambiwa kwamba wewe ni mfanyabiashara, si mtumiaji. Sheria hiyo imemtafsiri mtumiaji kwa upana: anaingia mtu aliyeuziwa bidhaa katika biashara ya kawaida ya muuzaji, na anaingia hata anayeitumia bila kuwa aliyeinunua.

Nisimwonee mwenye duka. Kibao chake kina mahali kinapofaa. Ungenunua ekstensheni nzima, ukafika nyumbani ukaona rangi haikupendezi au jirani anayo ya kukuazima, huna haki ya kumlazimisha airudishe. Kubadili nia ni hiari ya duka. Kasoro si hiari ya duka. Watu wengi, wauzaji kwa wanunuzi, huyachanganya haya mawili, na hapo ndipo kibao kinapopata heshima kisiyostahili. Waranti nayo iko hivyo hivyo: duka likikupa waranti ya siku saba, limekuongezea juu ya haki ya sheria, halikuipunguza ikawa siku saba.

Lini ulirudi dukani ni muhimu pia. Mtu akishaipokea bidhaa na kuitumia kama yake, haki ya kuikataa na kudai pesa zote hupungua kadiri siku zinavyokwenda, ingawa haki ya kudai fidia ya kasoro hubaki. Wiki tatu kwa kasoro iliyojificha ndani ya waya, kisha ukarudi mara tu ilipojitokeza, si kuchelewa.

Tuje kwenye lile neno walilokujibu, kwamba umezidisha mzigo. Hili ndilo jibu linalowanyamazisha watu, kwa sababu linasikika la kitaalamu. Basi tulipige hesabu. Stima yetu ya majumbani ni ya volti 240. Boksi linasema ampea 13. Zidisha 13 kwa 240, unapata wati 3,120. Huo ndio mzigo ambao ekstensheni hiyo imejitangaza kuubeba. Pasi yako ya wati 1,200 na cherehani ya wati 250, jumla ni wati 1,450. Gawanya kwa 240, unapata ampea 6 na nukta kidogo. Hujafika hata nusu. Hata ungechomeka taa na feni juu yake, ungekuwa bado mbali. Hesabu hii iandike kwenye barua yako kama nilivyoiandika hapa, pamoja na picha za vibati. Wao ndio waliosema 13, si wewe.

Kwa nini basi iliyeyuka? Nilikaa miaka kwenye maabara ya kupima vifaa vya stima, na nimepasua ekstensheni nyingi. Nje zinafanana kama mapacha: plastiki nyeupe, taa nyekundu, waya mnono. Ukikata waya huo mnono unakuta unene wote ni plastiki, na shaba ndani yake ni nyuzi chache kama nywele. Waya wa kubeba ampea 13 kwenye ekstensheni unatakiwa uwe na milimita za mraba 1.25. Wa 0.75 unafaa ampea 6. Wa 0.5 unafaa ampea 3 tu. Na joto kwenye waya halipandi sawasawa na mkondo wa stima: ukiuzidisha mkondo mara mbili, joto linazidi mara nne. Sasa chukua waya wa 0.5 uliovishwa plastiki nene, upitishe ampea 6 za pasi na cherehani kwa saa nzima. Hakuna muujiza hapo.

Kuna hila mbaya zaidi, ya kutumia alumini iliyopakwa shaba juu. Ukiikata inang'aa nyekundu, lakini ukiikwaruza kwa wembe unaona weupe chini yake. Alumini inazuia stima kuliko shaba kwa kiasi cha mara 1.6, kwa hiyo waya wa unene ule ule unapata joto zaidi. Tena inavunjika upesi ikikunjwakunjwa, na kila uzi unaovunjika unawaachia kazi uliobaki.

Labda unajiuliza fyuzi ilikuwa wapi. Fyuzi ya ampea 13 ndani ya plagi huona mkondo tu, haioni joto la waya. Kwake ampea 6 ni mzigo mwepesi, kwa hiyo inakaa kimya waya ukiwa unaiva. Ndiyo sababu kuuza waya mwembamba nyuma ya fyuzi ya 13 ni jambo la hatari hasa: mlinzi yupo, lakini amepewa mlango usio wake. Na hayo ni iwapo fyuzi ipo kweli. Nimefungua plagi nikakuta ndani kipande cha chuma kilichoumbwa kama fyuzi, kisichoweza kukatika hata stima ikizidi vipi. Bado nikikumbuka hicho kipande hukasirika, kwa sababu huwezi kukitengeneza kwa bahati mbaya. Mtu alikaa akakikata kwa kipimo.

Itazame ekstensheni yako bila kuifungua. Kama plastiki ya waya imelainika au kubadilika rangi kwa urefu wake wote, waya ni mwembamba kuliko ulivyotangazwa. Kama imeyeyuka penye tundu moja tu, pale ulipochomeka pasi, kosa liko kwenye vibano vya ndani: ni vyepesi, haviishiki pini sawasawa, na penye mguso mbovu ndipo joto linapozaliwa. Ekstensheni zenye tundu la kupokea plagi za kila nchi huumwa sana na ugonjwa huu, kwa kuwa tundu linalomkubali kila mtu halimshiki yeyote. Kama kilichoungua ni plagi yenyewe, tazama pia soketi ya ukutani. Ikiwa nayo imeungua, huenda soketi ndiyo iliyokuwa imelegea tangu mwanzo, na hilo si la muuzaji.

Nawe jiulize mapema yale utakayoulizwa. Ulikuwa umeiacha ikiwa imezungushwa kama kamba? Waya uliokunjwa hauna pa kutolea joto, na hata mzuri unaweza kuungua. Ilipita chini ya zulia au chini ya rundo la vitambaa? Ilikuwa imechomekwa kwenye ekstensheni nyingine? Likiwepo mojawapo, liseme mwenyewe. Fidia inaweza kupungua, lakini dai halifi, na ukweli uliousema mapema utakulinda kuliko ule utakaofichuliwa na mwingine.

Kuhusu CE. Alama hiyo ni ya soko la Ulaya. Ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwamba bidhaa inafuata sheria za huko, na kwa vifaa vingi vya kawaida hakuna mtu wa nje aliyeipima kabla ya kuibandika. Hapa kwetu haithibitishi kitu, na kuichapa kwenye boksi hakumgharimu mtu zaidi ya wino. Alama za kutafuta Kenya ni za KEBS, shirika la viwango lililoanzishwa 1974 chini ya Sheria ya Viwango, Sura ya 496. Bidhaa ya kiwanda cha hapa inatakiwa kuwa na alama ya ubora yenye namba ya kibali chini yake. Ya kutoka nje inatakiwa kuwa na stika ya bidhaa za nje. Namba ya kibali unaweza kuihakiki ungali dukani kwa simu yoyote, hata ya kubonyeza: andika SM#, ufuatishe namba, utume kwa 20023, utajibiwa jina la kampuni na bidhaa iliyoruhusiwa. Usomapo jibu, linganisha. Namba ya kweli iliyotolewa kwa unga wa mahindi inaweza kuchapwa kwenye boksi la ekstensheni, na asiyesoma jibu hadi mwisho ataridhika kwamba namba ipo.

Mwisho wa barua yako umeuliza kwa uchungu KEBS wana kazi gani, nami naona uchungu huo ni wa haki. Lakini wapo wanaowatarajia kwa jambo lisilo lao. KEBS hawatakulipa vitambaa. Wanachoweza ni kuingia dukani, kuchukua sampuli, kuipima, kuzuia bidhaa isiuzwe, na kumshtaki anayeiuza. Bidhaa za nje nyingi hukaguliwa kabla ya kupakiwa melini, utaratibu ulioanza 2005, lakini sampuli iliyopimwa huko si lazima iwe pacha wa kila boksi lililofika bandari ya Kilindini, na zipo zinazopita njia ambazo hakuna anayezikagua. Mkaguzi hawezi kukijua kilichoungua Kisauni usipomwambia. Kwa hiyo peleka malalamiko kwenye ofisi yao ya Mombasa au piga 1545, ukiwa na picha, jina la duka na maandishi ya boksi. Dai lako la pesa halitasogea hata hatua kwa hilo, nakwambia wazi. Utakuwa umefanya hivyo kwa ajili ya fundi mwingine ambaye wiki hii anaitoa ekstensheni kama hiyo kwenye boksi. Majibu ya vipimo, yakitoka, omba nakala. Kama jina la kampuni maarufu limeigizwa, hilo ni la Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia; kama kosa ni kukudanganya kuhusu uwezo wa bidhaa, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya nayo hupokea malalamiko ya watumiaji.

Sasa vitambaa. Hapa nitakuambia jambo usilolipenda. Mteja alikukabidhi wewe, si mwenye duka la stima. Ni amana mikononi mwako. Kisheria unaweza kujitetea kwamba hukuzembea, na kwa maelezo yako hukuzembea, lakini mteja ana haki ya kukugeukia wewe kwanza. Ushauri wangu ni uwaite wote watatu, uwaonyeshe kilichotokea, na muandikiane kila mmoja alileta nini, kilinunuliwa lini na kwa kiasi gani. Karatasi hizo tatu zitawatuliza wao, na hapo hapo zitakuwa ushahidi wako wa hasara. Kisha thamani hiyo yote, pamoja na meza, iingie kwenye dai lako kwa muuzaji. Yeye alijua anamuuzia fundi wa nguo, na hahitaji kuwa mtaalamu kujua kwamba ekstensheni ikiwaka kwa fundi wa nguo kitakachoungua ni nguo.

Na wateja wenyewe hawakununua chochote dukani, je wana lolote? Wanalo, na asili yake ni kisa cha konokono. Agosti 1928, huko Paisley, Uskoti, May Donoghue alinunuliwa na rafiki yake chupa ya soda ya tangawizi. Alipokwisha kunywa kiasi, chupa ikamiminwa tena, na ilidaiwa kwamba ndani yake alitoka konokono aliyeoza. Hakuwa na mkataba na mtu, kwa kuwa aliyelipa ni rafiki. Mwaka 1932 majaji wa juu Uingereza, watatu dhidi ya wawili, waliamua kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa yule atakayekitumia kitu chake hata kama hawajuani. Mahakama za Kenya zimeifuata njia hiyo miaka yote. Kwa hiyo mtengenezaji au aliyeiingiza bidhaa nchini anaweza kushtakiwa pia. Ila kwako wewe sioni haja ya kumsaka mtengenezaji asiye na anwani. Anza na duka uliloliingia kwa miguu yako. Wao watajuana na aliyewauzia.

Kabla ya mahakama, andika barua ya ukurasa mmoja. Iwe ya adabu na yenye tarakimu, hivi: "Tarehe fulani nilinunua kwenu ekstensheni yenye maandishi 13A kwa shilingi 1,200, kwa M-Pesa namba fulani, baada ya kuwaeleza kuwa ni ya pasi na cherehani. Tarehe fulani iliungua ikiwa na mzigo wa wati 1,450, chini ya nusu ya uwezo uliotangazwa. Nadai bei niliyolipa, na thamani ya meza na vitambaa vilivyoorodheshwa. Ekstensheni ninayo na mnaweza kuja kuitazama mbele yangu. Nangoja jibu ndani ya siku 14." Ipeleke mwenyewe, nakala yako ipigwe muhuri au isainiwe, wakikataa kusaini, itume kwa WhatsApp ya duka na uhifadhi picha ya ujumbe uliofika. Madai mengi huishia hapa. Mwenye duka akiona hesabu na picha hujua kwamba huyu si wa kufukuzwa kwa kibao.

Wakikaa kimya, nenda Mahakama ya Madai Madogo. Iliundwa na sheria ya 2016 na ikaanza kufanya kazi 2021, na Mombasa ipo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya mikataba ya kuuziwa bidhaa na ya mali iliyoharibika. Huhitaji wakili, unaweza kujieleza kwa Kiswahili, na sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Dai la mkataba lina miaka sita kabla ya kufungwa na la uzembe miaka mitatu, lakini usiitazame miaka hiyo. Maduka hufungwa, majina hubadilishwa, na boksi la ushahidi hupotea nyumba ikihamwa.

Wasomaji wa Tanzania wataniuliza habari zao, nami niseme kwa ufupi. Kule Tume ya Ushindani, FCC, inasimamia Sheria ya Ushindani ya 2003, yenye sehemu zake za kumlinda mlaji, na TBS inasimamia viwango chini ya sheria ya 2009, na tangu 2019 imebeba pia chakula na vipodozi. Zanzibar ina ZBS yake. Mizigo inayovuka mpaka wetu wa Horohoro na Lungalunga nayo ina utaratibu wake wa alama: sheria ya viwango ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2006 inazitaka nchi wanachama zitambuane alama za ubora, kwa hiyo bidhaa yenye alama halali ya TBS si ya kutiliwa shaka Mombasa kwa sababu tu haina ya KEBS.

Najua kazi haingoji mahakama, na utahitaji ekstensheni nyingine kesho. Ushike waya usome maandishi yaliyochapwa juu yake. Utafute 3 x 1.25 au 3 x 1.5 na alama ya milimita za mraba. Usio na maandishi, uache. Nenda na sumaku ndogo ya kwenye sanduku lako la sindano: pini nzuri ni za shaba ya manjano na hazinaswi na sumaku. Tazama pini ya juu, ile ndefu ya waya wa ardhi. Inatakiwa iwe shaba tupu hadi chini. Ikiwa imevishwa plastiki nyeusi kama zile mbili, irudishe kaunta hapo hapo, maana plastiki hiyo inaweza kuuzuia waya wa ardhi usiguse. Fungua kijumba cha fyuzi uione fyuzi yenyewe na maandishi yake. Na umwambie tena muuzaji, mbele ya shahidi, kwamba ni ya pasi na cherehani.

Nitumie picha ya pale ilipoyeyuka. Nikiona ni waya au ni tundu, nitakuandikia sentensi ya kuongeza kwenye barua kabla hujaipeleka.